Nyigu na Mchwa: Wadudu wa Kijamii Wasio wa Jamii Moja

Mwanafunzi akiandika kwamba "nyigu na mchwa ni wadudu wa jamii moja", mwalimu wa Kiswahili huenda asione kosa lolote, ilhali mwalimu wa biolojia ataweka alama ya mkasi. Akiandika kwamba "nyigu na mchwa ni wadudu wa kijamii", walimu wote wawili watampa alama zake. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ndogo kwa sauti lakini ni kubwa kwa maana, na mfasiri asiyeizingatia huweza kupotosha ukurasa mzima wa kitabu cha sayansi.

Chanzo cha utata huo ni neno jamii lenyewe. Katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana mno. Maana ya kwanza ni kundi la viumbe wanaoishi pamoja kwa utaratibu fulani, kama katika "jamii ya wafugaji" au "maarifa ya jamii". Maana ya pili ni kundi la viumbe au vitu vya asili moja, kama katika "mnyama wa jamii ya paka" au "mmea wa jamii ya kunde". Maana zote mbili zinatokana na mzizi wa Kiarabu wenye dhana ya kukusanya, mzizi uleule uliozaa jamaa, jumuiya na Ijumaa. Kwa binadamu, maana hizo hukaa pamoja bila mgongano, kwa kuwa watu waishio pamoja aghalabu huwa pia na nasaba moja au hujihesabu kuwa nayo. Kwa wadudu, kuishi pamoja ni jambo moja na kuwa na asili moja ni jambo jingine. Nyigu na mchwa ni mfano ulio wazi kabisa: wote wana jamii kwa maana ya kwanza, lakini kwa maana ya pili wako mbalimbali kama mbingu na ardhi.

Makala haya yanawalinganisha wadudu hao wawili, na kuonyesha ni maneno gani ya Kiswahili yanayobeba ulinganisho huo vizuri na yapi yanahitaji uangalifu.

Majina na upatanisho wa kisarufi

Nyigu ni jina la jumla la wadudu wembamba wenye mabawa manne, kiuno kilichobonyea na, kwa majike, mwiba mkiani. Yako majina mengine, kama vile dondora na mavu, ambayo hutumiwa kwa nyigu wa aina fulani au wa umbo kubwa zaidi, na mipaka yake hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine. Mfasiri anayetafuta neno la jumla atakuwa salama akitumia nyigu.

Mchwa ni mdudu mdogo, laini, mwenye rangi ya weupe au ya udongo, atafunaye mbao, majani makavu, karatasi na nguo. Ingawa jina lake huanza na m- kama mtu na mkulima, katika Kiswahili sanifu wingi wake hausemwi "wachwa". Umoja na wingi ni sawa, na upatanisho ndio unaobainisha idadi: mchwa huyu ameingia, mchwa hawa wameingia. Nyigu hufuata kanuni hiyohiyo. Majina yote mawili, kama majina mengine ya viumbe hai, huchukua upatanisho wa a-/wa- bila kujali umbo la neno.

Jina la tatu linalohitaji maelezo ni kumbikumbi. Wanafunzi wengi hudhani kuwa kumbikumbi ni mdudu wa aina nyingine. Kwa hakika, kumbikumbi ni mchwa waliokomaa na kuota mabawa, madume kwa majike, ambao hutoka ardhini kwa wingi wakati wa mvua. Ndio wanaotegwa kwa mwanga wa taa na beseni la maji, kisha wakakaangwa au kukaushwa na kuliwa katika sehemu nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo. Uhusiano wa kumbikumbi na mchwa basi si wa aina moja ya mdudu na nyingine, bali ni wa hatua na kazi katika kundi moja. Nyigu hawana jina kama hilo, kwa sababu hakuna wakati ambapo nyigu mwenye mabawa ni jambo geni: nyigu wa kijamii tunaowafahamu huruka wote, awe malkia, mtenda kazi au dume.

Kiuno na ukoo

Mtu mwenye kiuno chembamba husifiwa kuwa ana kiuno cha nyigu. Sifa hiyo ya mtaani inagusa alama ambayo wataalamu wa wadudu huitumia kupambanua koo. Nyigu, nyuki na sisimizi wamo katika oda moja, Himenoptera, na wengi wao wana mfinyo kati ya kifua na tumbo. Sisimizi na siafu, kwa kweli, wametokana na mababu waliokuwa nyigu, wakapoteza mabawa katika tabaka la watenda kazi. Kwa hiyo kusema kwamba sisimizi ni "wa jamii ya nyigu" ni kauli sahihi kwa maana ya pili ya neno jamii.

Mchwa hana kiuno hicho. Kifua chake kimeungana na tumbo kwa upana uleule. Yeyote anayetaka kujua kama mdudu aliyemwona ukutani ni mchwa au sisimizi na atazame hapo kwanza. Atazame pia vipapasio: vya sisimizi vina kiwiko, vya mchwa vimenyooka kama ushanga uliotungwa.

Ukoo wa mchwa ni upi basi? Jibu huwashangaza wengi: mchwa ni ndugu wa mende. Mwaka 1934 mtafiti wa Marekani L. R. Cleveland na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mende wa msituni aitwaye Cryptocercus, anayekula mbao na kubeba tumboni protozoa wanaofanana na wale wa mchwa. Kwa miongo mingi baada ya hapo mchwa waliendelea kuwekwa katika oda yao peke yao. Mwaka 2007 ulinganisho wa chembe za urithi wa spishi nyingi ulithibitisha kwamba mchwa wamo ndani kabisa ya mti wa ukoo wa mende, na leo wanahesabiwa katika oda moja nao, Blatodea.

Hapa ndipo panapofaa kuuliza kwa nini kosa la kumwita mchwa "aina ya sisimizi" au "chungu mweupe" limedumu. Jina la Kiswahili halina hatia. Mchwa ana jina lake mwenyewe, lisilo na dokezo lolote la chungu wala sisimizi. Kosa linatoka katika lugha za Ulaya, ambamo kwa muda mrefu mchwa aliitwa kwa jina lenye maana ya chungu mweupe. Henry Smeathman, Mwingereza aliyechunguza vichuguu vya Afrika Magharibi na kuchapisha maelezo yake London mwaka 1781, alieleza kwa makini mfalme, malkia, askari na watenda kazi wa mchwa. Jina la "chungu weupe" hata hivyo liliendelea kutumiwa kwa kawaida katika Kiingereza. Fasili ya kamusi inayosema "mdudu kama sisimizi mweupe" huwa imetafsiri jina la kigeni badala ya kueleza mdudu wa kwetu.

Wangapi wana jamii?

Ulinganisho wa haki sharti uanze na tahadhari moja. Mchwa wote wanaojulikana, spishi zipatazo 3,000, wanaishi kijamii. Hakuna mchwa anayemaliza maisha yake peke yake. Nyigu sivyo walivyo. Spishi za nyigu ni maelfu kwa maelfu, na walio wengi huishi kila mmoja kivyake. Nyigu jike anayefinyanga udongo kwenye ukuta wa nyumba, akaweka humo buibui au viwavi aliowadunga, akataga yai na kuziba mlango, hana malkia wala watenda kazi. Anajenga kwa ajili ya watoto wake pekee, na mara nyingi huondoka kabla hawajatoka. Nyigu wa kijamii, ambao karibu wote wamo katika familia ya Vespidae, ni takriban spishi 1,000.

Hivyo sentensi "mchwa ni wadudu wa kijamii" ni kweli bila sharti, lakini "nyigu ni wadudu wa kijamii" inahitaji kikomo: baadhi ya nyigu, au nyigu wa karatasi. Katika makala haya, kuanzia hapa, nyigu wanaozungumziwa ni hao wa karatasi, hasa wa jenasi za Polistes na Belonogaster, ambao huonekana wakining'iniza nyumba zao chini ya vipaa, madirishani na matawini katika Afrika Mashariki.

Makuzi: lava na tunutu

Nyigu hukua kwa hatua nne: yai, lava, pupa na mdudu kamili. Lava wa nyigu ni kama funza mnene asiye na miguu, aliyefungiwa katika kijumba kimoja cha sega. Hawezi kutembea, kujitafutia chakula wala kusaidia kazi yoyote. Akishiba kwa siku za kutosha hufuma utando, huwa pupa, kisha hutoka akiwa nyigu kamili mwenye mabawa.

Mchwa hana hatua ya pupa. Kutoka yaini hutoka mchwa mdogo mwenye miguu sita na umbo la wazazi wake, ambaye hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa. Ni makuzi ya namna moja na ya mende na panzi. Kwa panzi na nzige Kiswahili kina neno la hatua hiyo, nalo ni tunutu, na vitabu vya shule hulitumia. Mfasiri anaweza kulitumia kwa mchwa pia, au akasema kwa urahisi "mchwa wachanga". Lisilofaa ni kuwaita buu au funza, kwa kuwa maneno hayo humpa msomaji picha ya kiumbe asiye na miguu.

Tofauti hii ya makuzi ina uzito katika maisha ya kundi. Jamii ya nyigu ni jamii ya watu wazima wanaolea watoto wasiojiweza. Katika baadhi ya mchwa waishio ndani ya mbao kavu, kinyume chake, kazi hufanywa na wadogo ambao bado wanakua. Mtenda kazi wa leo anaweza kujivua ngozi na kuwa askari, au kuota mabawa na kuondoka kama kumbikumbi. Nyigu akishatoka katika pupa habadiliki tena umbo.

Malkia, mfalme na watenda kazi

Neno malkia hutumiwa kwa wadudu wote wawili, na hapo ndipo tafsiri huteleza zaidi. Malkia wa nyigu hupandwa na dume, huhifadhi mbegu za kiume katika kifuko ndani ya mwili wake, na huzitumia kidogo kidogo kadiri anavyotaga. Dume hana nafasi katika ujenzi wala malezi, na maisha yake ni mafupi. Malkia wa nyigu, kwa lugha ya binadamu, huitawala nyumba akiwa mjane.

Malkia wa mchwa ana mume maisha yake yote. Kumbikumbi dume na jike wakishatua hukata mabawa yao, hufuatana, huchimba shimo dogo na kujifungia humo. Dume huyo ndiye mfalme, na hurudia kumpanda malkia kwa miaka mingi. Katika mchwa wakubwa wa jenasi ya Macrotermes, tumbo la malkia huvimba hata akafikia urefu wa kidole cha mtu mzima. Hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na mfalme mdogo hukaa ubavuni mwake katika chumba kimoja cha udongo mgumu. Kuandika habari za "malkia wa mchwa" bila kumtaja mfalme ni kuacha nusu ya habari. Kuandika habari za "mfalme wa nyigu" ni kubuni kiumbe asiyekuwapo.

Watenda kazi nao hawafanani. Watenda kazi wa nyigu wote ni majike, mabinti au dada za malkia. Kwa mchwa, tabaka la watenda kazi huwa na madume na majike, na katika Macrotermes kazi zimegawanyika hata kwa jinsia: watenda kazi wakubwa ni madume, wadogo ni majike, na askari ni majike. Mfasiri anayekuta katika lugha ya asili kiwakilishi cha kike kwa mtenda kazi wa nyigu anaweza kueleza kwa "jike mtenda kazi". Akibeba desturi hiyo hadi kwa mchwa, atakosea. Kwa bahati njema upatanisho wa a-/wa- hautaji jinsia, na mara nyingi Kiswahili huiepuka hatari hii bila jitihada.

Sababu ya watenda kazi wa nyigu kuwa majike inahusiana na urithi. Kwa Himenoptera, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. Nyigu dume basi hana baba, lakini ana babu mzaa mama. Kwa kuwa dume ana seti moja tu ya kromosomu, mabinti zake wote hupokea kwake urithi uleule. Dada wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo, hushirikiana kwa wastani robo tatu ya urithi wao, ilhali mama na binti hushirikiana nusu. Mwaka 1964 mwanabiolojia wa Uingereza W. D. Hamilton alitumia hesabu hiyo kueleza kwa nini jike angeweza kupeleka mbele urithi wake kwa kuwalea wadogo zake badala ya kuzaa mwenyewe. Hoja hiyo iliangaza mengi, lakini mchwa wanaiwekea mpaka. Kwao dume na jike hutoka katika mayai yaliyorutubishwa, na ndugu hushirikiana nusu, kama binadamu. Hata hivyo wamejenga jamii kubwa kuliko za nyigu wengi. Njia ya kuifikia jamii, basi, haikuwa moja.

Cheo cha malkia pia hakipatikani kwa namna moja. Kwa nyigu wa karatasi, malkia hatofautiani sana kimwili na watenda kazi wake. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Italia Leo Pardi alionyesha kwamba majike wa Polistes wanaoshiriki nyumba moja hupangana kwa ngazi kwa kuviziana, kuumana na kuinamishana. Wa juu hutaga, wa chini hufanya kazi. Wa juu akifa, anayemfuata hupanda. Malkia wa mchwa alianza maisha yake kama kumbikumbi, na mtenda kazi wa Macrotermes hawezi kukirithi kiti chake. Maelekezo ya kuangamiza wadudu waharibifu yanaposema "ua malkia", msomaji anastahili kujua ni malkia wa aina gani anayesemwa, na kwamba kwa nyigu nafasi hiyo huzibwa upesi.

Nyumba na chakula

Nyigu hukwangua nyuzi za mti mkavu, nguzo au ua, huzitafuna na mate, na kuzitandaza kuwa karatasi nyepesi ya kijivu. Kwa karatasi hiyo hujenga sega lenye vijumba vya pembe sita, lililoning'inia kwa kikonyo kimoja. Umbo la sega ni lilelile la nyuki, lakini vijumba vina watoto, si akiba ya asali. Nyumba kama hiyo huwa na nyigu makumi, pengine mia na ushei, na umri wake ni wa miezi.

Mchwa hujenga kwa udongo, mate na kinyesi. Kichuguu, neno ambalo Kiswahili kimelihifadhi kwa jengo hili, ni sehemu inayoonekana tu. Kiini cha makao aghalabu kimo chini au katikati. Si mchwa wote wajengao vichuguu: wengine huishi ndani ya mbao, wengine chini ya ardhi bila dalili juu. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya Profesa Thomas Odhiambo, walifukua vichuguu vya Macrotermes michaelseni huko Kajiado na kuhesabu wakazi wake. Kundi lililokomaa laweza kupita mchwa milioni moja, na malkia huishi miaka kumi na zaidi.

Katika chakula nyigu ni mwindaji. Mtenda kazi hukamata kiwavi, humtafuna na kuwalisha lava kwa donge la nyama, huku yeye mwenyewe akinywa zaidi nekta na maji matamu. Lava naye hurudisha tone la mate yenye sukari, ambalo mkubwa hulinywa. Mkulima mwenye bustani ya mboga hufaidika na nyigu hata kama hawapendi, kwa kuwa viwavi wanaotoweka ni waliokuwa wakila majani yake.

Mchwa hula kile ambacho wanyama wengi hawawezi kukimeng'enya: mbao na nyasi kavu. Baadhi husaidiwa na protozoa na bakteria walio tumboni, ambao mchwa wachanga huwapata kwa kulishwa na wakubwa kutoka sehemu ya nyuma ya utumbo. Macrotermes na jamaa zake hutumia njia nyingine. Hupanda kuvu. Mabaki ya mimea yaliyopitia tumboni hujengwa kuwa bustani ndani ya makao, kuvu wa jenasi ya Termitomyces huota juu yake na kulainisha chakula, na mchwa hula mazao. Uyoga mkubwa mtamu unaochomoza kichuguuni baada ya mvua, unaookotwa na kuuzwa kando ya barabara, ni tunda la kilimo hicho.

Kuuma, kudunga na ulinzi

Kiswahili cha kawaida husema kwamba nyigu "ameniuma" na kwamba askari wa mchwa "ameniuma". Kitenzi ni kimoja, lakini matendo ni mawili. Askari wa mchwa huuma kwa taya, na katika Macrotermes taya zake ni kubwa kiasi kwamba hawezi hata kujilisha. Hulishwa na watenda kazi. Nyigu hudunga kwa mwiba ulio mkiani na kutia sumu. Mwiba huo asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, ndiyo maana nyigu dume hana. Tofauti na nyuki wa asali, nyigu anaweza kuuchomoa mwiba wake na kudunga tena.

Katika mazungumzo, kuuma latosha. Katika maandishi ya tiba au sayansi, ambapo msomaji anahitaji kujua kama kuna sumu, afadhali kudunga litumike kwa nyigu na kuuma kwa mchwa. Aidha, nyigu hawana tabaka la askari: kila jike ni mlinzi. Neno askari libaki kwa mchwa, na kwa wadudu wengine walio na tabaka hilo, kama siafu.

Katika lugha ya kisitiari

Matumizi ya kisitiari yamewagawia wadudu hawa sifa tofauti. Mchwa ni mla kwa siri. Katika siasa na magazeti, hasa ya Tanzania, wabadhirifu wa mali ya umma huitwa mchwa, na fedha za halmashauri husemwa "zimetafunwa na mchwa". Sitiari hiyo inafaa, kwa kuwa mchwa hula nguzo kutoka ndani, na mwenye nyumba hugundua paa linapoanguka. Nyigu ni mkali wa waziwazi. Aliyechokoza nyumba yake hana wa kumlaumu.

Sifa hizo ni halali katika fasihi, ila zisiingie katika fasili za kamusi. Fasili inayomwita mchwa "mdudu mharibifu" na kuishia hapo imechagua upande wa mwenye nyumba, ikasahau uyoga, kumbikumbi na udongo wa kichuguu unaofyatuliwa matofali.

Kwa mtunga fasili na mfasiri

Kutokana na yaliyoelezwa, fasili fupi zifuatazo zaweza kufaa:

*nyigu* nm [a-/wa-] mdudu mwenye mabawa manne, kiuno chembamba na, kwa jike, mwiba wenye sumu. Ni wa ukoo mmoja na nyuki na sisimizi. Baadhi huishi peke yao na baadhi kwa makundi.

*mchwa* nm [a-/wa-] mdudu mwenye mwili laini usio na kiuno chembamba, wa ukoo wa mende, aishiye katika kundi lenye mfalme, malkia, watenda kazi na, aghalabu, askari. Hula mbao na mimea mikavu.

*kumbikumbi* nm [a-/wa-] mchwa aliyekomaa mwenye mabawa, dume au jike, atokaye wakati wa mvua kwenda kuanzisha kundi jipya.

Katika fasili hizo neno ukoo limechukua nafasi ya jamii palipokusudiwa asili, na kundi limetumika palipokusudiwa wadudu wa makao mamoja. Neno jamii halihitaji kufukuzwa katika lugha ya sayansi. Kijamii ndilo neno letu bora kwa maisha ya wadudu hawa. Linahitaji tu kupewa kazi moja katika sentensi moja. Mwanafunzi wa mwanzoni, akisahihisha sentensi yake, hatalazimika kuongeza mengi: nyigu wa karatasi na mchwa ni wadudu wa kijamii, lakini si wa ukoo mmoja.